Kufuli Kabla ya Mlango

Hebu mtazame anavyokuja. Ameshavuka Ngong Road, sasa anashuka kuelekea Gatina, mwanamke aliyejaa mwili, mwenye mwendo wa mtu asiyefukuzwa na yeyote. Kwapani ana mfuko wa nywele za kusukia alizopitia kununua Soko la Toi. Midomo inamchezacheza. Usidhani anaimba, wala usidhani ana kichaa, ingawa muuza mayai wa pale kona alidhani hivyo mwaka mzima wa kwanza na alikuwa akimpisha njia kwa heshima. Anatunga. Tangu atoke nyumbani kwake Laini Saba, aambae reli, apenye kwenye mitumba ya Toi, mpaka aufungue mlango wa saluni yake hapa Gatina, Kawangware, huwa ameshaamua leo nani atalia na nani atacheka.

Jina lake Nasambu, ingawa wengi humwita Mama Elvis. Ni msusi. Saluni yenyewe ni chumba kimoja mbele ya ploti ya vyumba vya kupanga: kioo, viti viwili, benchi, na draya ya zamani, ile yenye kofia kubwa inayomeza kichwa chote na kuvuma kama mashine ya kusaga unga. Wasusi ni wengi Gatina, na wengine wana mikono myepesi kuliko yake. Lakini kwa Nasambu ukisukwa unasimuliwa. Hadithi anaikata kwa kipimo cha kichwa. Mtoto wa shule mwenye matuta manne hupata ya sungura, ikaisha. Anayetaka rasta za kufika kiunoni hupata ya watu wazima, ndefu, yenye mapenzi na ugomvi, na isipoisha wateja hurudi siku nyingine kukaa bure kwenye benchi, vichwa vyao vikiwa salama kabisa.

Hakufundishwa na mtu. Kwao Bungoma bibi yake alikuwa na hadithi za zimwi, na zimwi la bibi halikuhitaji sababu ya kula watu. Lilikuwa na njaa, basi. Nasambu alidhani maadui wote wa hadithi wako hivyo, mpaka alipokuja kumtunga Mama Kufuli.

Ilianza kwa utani. Rachael, mpangaji wa ploti ile, msichana anayeuza nguo za watoto, aliingia siku moja na mtungi mtupu, amenuna. Mfereji wa ploti ulikuwa umefungwa kabla hajateka. Mwenye ploti, bibi kizee aitwaye Shosho Wakarima, alikuwa akija kila siku adhuhuri na funguo zake zilizofungwa kwa kamba nyekundu shingoni, anakohoa mara mbili getini, anaufunga mfereji kwa kufuli, anaenda zake.

"Usinune," Nasambu akamwambia. "Keti nikusimulie habari za Mama Kufuli."

Na hapo hapo, kitana mkononi, akamzaa. Mama Kufuli alikuwa na kufuli moja tu, ya mfereji. Akamzaa pia Selina, mpangaji mpole, mchapakazi, mwenye kusema "asante" hata akikanyagwa, ambaye siku moja angewakomboa wote. Rachael alicheka mpaka akasahau mtungi.

Kumbe adui wa hadithi ni kama mtoto wa jirani: ukimpa andazi leo, kesho yuko mlangoni. Wiki iliyofuata wateja walimtaka tena. "Afunge na choo!" akasema Kasiva, mama muuza githeri, mwenye sauti ya sokoni. Akafunga choo. Akafunga geti, akafunga kanisa, watu wakaombea nje. Rachael akataka afunge kicheko cha watoto, naye akakifunga, akakitia kwenye mkebe. Kila mtu alileta kufuli yake. Selina hakuletewa kitu na mtu yeyote. Alibaki vile vile, mpole, akisubiri.

Shosho Wakarima mwenyewe alikuwa mteja. Mara moja kwa mwezi alikuja kuwekewa rola kwenye nywele zake za mvi, kisha aliingizwa chini ya draya. Na chini ya draya ile husikii hata mbiu ya siku ya mwisho. Ndipo wanawake wale walipopata raha ya ajabu: kusimulia habari za Mama Kufuli mbele ya macho ya Shosho, huku yeye akitabasamu na kutikisa kichwa akidhani wanasifiana.

Jumatano moja, Shosho akiwa chini ya draya na Kasiva akiwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka, Nasambu alikuwa ameshika kasi. Aliiga kile kikohozi: "Ehe! Ehe!" Akaiga mwendo. Alikuwa amepaza sauti kushindana na draya. Basi stima ilipopotea, draya ikanyamaza ghafla, na maneno yakatoka mazima mazima katika kimya:

"...na hata akifa, Mungu atakuta amejifungia jeneza kwa ndani!"

Kitu kilicholia ni funguo tu, kifuani mwa Shosho, alipoinua ile kofia kwa mikono yake mwenyewe.

"Endelea," akasema.

Rachael akakumbuka kwamba ameacha maharagwe jikoni. Akaondoka mbio. Kasiva naye alitamani kukumbuka maharagwe, lakini utatoka vipi Gatina na nusu kichwa?

"Mama Elvis, nimesema endelea. Anaitwa nani huyo mama?"

"Anaitwa... Mama Kufuli, Shosho."

"Ngai! Na anakohoa hivyo?"

Nasambu akatazama kitana. Saluni ile hakuiandikia mkataba na mtu. Aliingia kwa neno la Shosho, na kwa neno la Shosho angeweza kutoka kabla ya jua kuzama, yeye na kioo chake.

"Hebu niambie," Shosho akasema, akiwa na rola kichwani kama taji, "kufuli ya kwanza alipewa na nani?"

"Hakupewa, Shosho. Yeye ni mbaya tu. Ni adui wa hadithi."

"Ati mbaya tu! Hata maziwa yaliyochacha, asubuhi yalikuwa mazuri." Akageuka. Sasa alikuwa haongei na Nasambu hasa, alikuwa anaongea na kioo. "Hapa pote palikuwa mahindi. Siku tuliyomzika baba, tulirudi nyumbani tukakuta ndugu zake wamepita. Vitanda hakuna. Sufuria hakuna. Mlango wenyewe wameung'oa na bawaba zake. Kesho yake mama akauza kuku mmoja aliyebaki, akaenda sokoni. Unajua alirudi na nini? Kufuli. Mlango hana, amenunua kufuli kwanza. Usiku ule tulitundika gunia mlangoni, yeye akalala ameishika mkononi."



Shosho akajifunga kitambaa juu ya rola. "Jumamosi nakuja kusikia mwisho," akasema, na hakuna aliyeweza kujua kama amekasirika. Huko nje alikohoa mara mbili.

Kasiva aliposikia geti limegonga, ulimi ukamrudia. "Haya! Sasa tunajua kitakachotokea. Jumamosi Mama Kufuli ataokoka. Atakunywa chai na Selina, watalia pamoja. Mama Elvis, nakuambia ukweli: ukimlainisha huyo mama kwa sababu ya kuogopa kufukuzwa, mimi nahamia kwa yule msusi wa steji ya matatu. Yule hana hadithi, lakini pia hana woga!"

Hapo Nasambu akajua amebanwa. Akimwadhibu Mama Kufuli kama wateja walivyozoea, huenda akapoteza chumba. Akimtakasa, atabaki na chumba kisicho na wasikilizaji. Na kulikuwa na jambo la tatu lililomsumbua kuliko hayo mawili: tangu asikie habari ya ile kufuli, Mama Kufuli wake wa zamani alikuwa hataki tena kutembea. Kila akimsukuma katika mawazo, anasimama, anamtazama.

Jambo hilo akampelekea mumewe. Boaz ni fundi wa kuchomelea milango na mageti kando ya reli, na ndiye aliyekuwa akionja hadithi zote kabla hazijavuka Ngong Road. Alisikiliza huku amevua miwani yake myeusi, akaguna.

"Huyo adui wako umemchomelea upande mmoja," akasema. "Geti ukilichomelea upande mmoja litasimama hapa vizuri, mteja atalipenda. Teke moja tu, chini."

"Na Selina?"

"Huyo hujamchomelea kabisa. Umempaka rangi tu."

Nasambu alikasirika, akapika ugali kwa nguvu isiyohitajika. Lakini Ijumaa na Jumamosi, muuza mayai wa kona alimwona akipita midomo ikienda mbio, na mara moja alisimama katikati ya njia, akakohoa peke yake, akacheka.

Jumamosi benchi lilijaa. Rachael ndiye aliyekuwa kitini, kwa rasta ndefu, maana mwisho wa hadithi hautoshi kwenye matuta manne. Shosho Wakarima alifika, akawekewa rola, na alipoelekezwa kwenye draya akakataa.

"Leo zitakaushwa na upepo," akasema, akaketi katikati ya benchi. Wanawake wakabanana kumpa nafasi kama shuleni.

Nasambu akaanza. Selina alichoka. Alichoka na upole wake mwenyewe. Basi mchana mmoja Mama Kufuli amesinzia kwenye kiti chake, Selina akainyakua kamba ya funguo.

"Ameiba?" Rachael akageuka, rasta ikamponyoka Nasambu. "Selina ameiba? Wacha! Sasa ndio nampenda."

"Tulia nisikuvute. Ameiba, ndiyo, na akaona utamu pia."

Akafungua mfereji. Akafungua choo, geti, kanisa. Akafungua mkebe, kicheko cha watoto kikaruka hadi juu ya mabati. Wapangaji wakambeba Selina mabegani. Pale juu ndipo alipoona kisanduku kimoja kilichobaki kimefungwa, kando ya kiti cha Mama Kufuli. Akashuka, akakifungua. Ndani mna kufuli kuukuu, ina kutu, haijawahi kufunga kitu. Mama Kufuli akaamka. Hakupigania funguo. Alinyoosha mkono akasema: "Chukueni zote, nirudishieni hiyo. Mama yangu aliinunua kabla hatujapata mlango."

Hapo Nasambu alimtazama Shosho. Shosho alikuwa anatazama sakafu, mkono mmoja umezishika funguo zake kifuani zisilie.

"Kwa hivyo tumsamehe?" Kasiva akauliza. Alikuwa amengoja tangu Jumatano. "Si nilisema? Chai inakuja!"

"Mimi sijapika chai," Nasambu akajibu. "Nimewaambia alikotoka, sijasema msamehe. Mtu akikufungia maji kwa sababu nzuri, bado una kiu."

"Hiyo ni kweli," Kasiva akakubali, kwa shingo upande.

"Lakini alifunga," Shosho akadakia haraka, "kwa sababu wale wa mbele wanajaza mapipa, wale wa nyuma wanakosa hata ya kunywa!"

Kisha Rachael, taratibu: "Shosho... na wewe umejuaje?"

Kicheko kilichozuka kilimfanya muuza mayai aje kuchungulia. Shosho alijaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka machozi, mpaka kikohozi kikamshika. Mara mbili. Wakacheka upya, na safari hii yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Nasambu akangoja watulie. Ana subira hiyo. Anapenda kuwatazama watu wakifuta machozi.

"Sijamaliza," akasema. Funguo alibaki nazo Selina. Siku ya kwanza mfereji ulikuwa wazi, wakaimba. Siku ya pili wenye mapipa wakajaza mapipa, na mwingine akaosha hata pikipiki. Siku ya tatu, adhuhuri, mzee wa chumba cha mwisho akaja na mtungi, akakuta mfereji unatoa upepo. Hakulaumu mtu. Aligeuka tu na mtungi wake. Selina akamtazama mpaka akaingia ndani. Kesho yake, maji yaliporudi, akasimama mbele ya mfereji, ameshika kufuli. Watu wakamtazama kutoka milangoni, wengine na mitungi, wengine na mapipa. Na Selina, bila hata kujua, akakohoa. Ehe. Ehe.

Nasambu akafunga rasta ya mwisho, akachovya ncha kwenye maji ya moto, akazipangusa kwa taulo. "Nimemaliza kichwa."

"Kichwa?" Rachael akapiga kelele. "Na mfereji? Alifunga ama hakufunga?"

"Alifunga," akasema Shosho.

"Hawezi! Huyo ni Selina!" akasema Kasiva. Na ndio hao, wamekabiliana kwenye benchi moja, muuza githeri akimtetea shujaa na mwenye ploti akimtetea mzee wa mtungi. Hakuna aliyekumbuka kwenda nyumbani. Msusi wa steji hakutajwa.

Shosho alipoinuka hatimaye, aliusukuma mlango wa saluni, ukalia kwa uchungu. "Mama Elvis, hii bawaba imelegea. Mwambie bwanako aje aichomelee Jumatatu. Pande zote mbili."

Nasambu akacheka kimoyomoyo. Mtu anayetaka kukufukuza hakutengenezei mlango. Alifagia nywele chini, akaweka vitana kwenye mfuko, akaanza safari ya kurudi Laini Saba, na midomo, kama kawaida, ikaanza kucheza. Hata yeye alikuwa hajui jibu, na hilo lilimpa raha kuliko mwisho wowote aliowahi kutunga.

Lakini wewe uliyekaa nasi kwenye benchi tangu mwanzo, umemwona mzee na mtungi wake, umeonja pia utamu wa funguo mkononi: ungekuwa Selina, pale mbele ya mfereji, ungefunga au ungeacha?