Ligi ya Mama wa Goma

Nakiri mbele ya Mungu: wakimbizi wa vita walipofika kwetu Lubumbashi, nilimcheka mwanamke mmoja aliyetoka Goma bila hata sufuria, mkononi ana kadi ya kumbukumbu ya mashini ya zamani ya michezo ya video.

Juma hili nikamkuta kwa fundi wa telefone. Mashini ilibaki Goma, bwana yake pia. Ndani ya kadi mna ligi yao ya mpira, waliyocheza wawili miaka mingi. Alitaka émulateur, ile programu inayofanya telefone icheze michezo ya zamani.

“Mama, hii iko mbio, na picha muzuri,” fundi akamwambia. “Ila haisome kadi ya zamani. Hii ingine iko polepole, lakini inasoma.”

“Weka ya polepole. Ule bwana yangu ananiambiaka kila siku ati yeye ndiye alikuwa mbele.”

Fundi akachomeka kadi katika kifaa alichoazima cha kuisomea. Tukainama wote juu ya kaunta. Kwenye telefone yakatokea majina mawili, lake juu.

Akapiga kaunta kwa kiganja, kisha akampigia bwana yake, sauti ya telefone wazi ili wote tusikie. “Papa, niko mbele na pointi tatu. Kataa tena.”

Yule bwana akacheka mpaka akakohoa, nasi tukacheka naye. Na mimi nilifundishwa kwamba mke mwema humwachia bwana ashinde.

Kile kifaa kimerudi kwa mwenyewe, na wengine kutoka kule wanangoja na kadi zao. Kama uko na kifaa kama hicho nyumbani, tafadhali kipeleke kwa fundi.