Paipu ya ndani ilivyotukwamisha mto Kuja, jeneza la baba mdogo likisubiri

Wakuu, salaam.

Juzi kuna uzi humu watu walikuwa wanabishana kuhusu mitambo ya kurusha vitu kwa hewa, ile ya kujitengenezea. Jamaa mmoja akauliza paipu ya ndani inashikwaje isining'inie. Majibu yalikuwa ya vitabuni tupu.

Mimi nitaeleza yaliyonipata. Nikiongeza chumvi, ndugu yangu Ouma anasoma humu na hana aibu ya kunisuta.

Ilikuwa mvua za El Nino, tisini na saba ikielekea mwisho. Mimi nilikuwa Masara, kazi yangu kutengeneza pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu. Ouma alikuwa welda, mchomeleaji vyuma, mjini Oyugis. Baba yake, ambaye kwangu ni baba mdogo, aliugua akalazwa Homa Bay na akafia huko. Ouma ndiye aliyekuwa naye.

Nyumbani kwao ni ng'ambo ya Kuja. Kabla hatujautoa mwili mochari, mto ukabeba daraja la miguu lote, nguzo na mbao.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: mwanamume aliyejenga boma lake huzikwa ndani ya boma hilo. Kumzika kwingine ni kama kusema hakuwahi kuwa na kwake. Boma lilikuwa kule, mama mdogo, mamake Ouma, alikuwa kule, mahali pa kaburi palishaonyeshwa kule. Sisi na jeneza tuko huku.

Ouma na mama yake hawakuwa wameongea tangu kifo. Walisimama kila mtu ukingo wake, wakapungiana mikono, maji yakipiga kelele katikati. Niliona hiyo mara moja na sikutaka kuiona tena.

Najua mtauliza mbona hatukuzunguka. Barabara ilikuwa imekatika pia. Mtumbwi? Wavuvi walikuja, wakatazama magogo yanavyoshuka, wakarudi kwao. Kijana mmoja alirusha jiwe lenye uzi kwa kombeo, halikufika hata katikati. Mto ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira.

Tulichohitaji ni uzi mmoja tu wa nailoni ufike ng'ambo. Wakiupata, wanavuta kamba ya katani, kisha kamba nene, halafu tunavusha jeneza juu ya madramu matupu.

Ndipo tukatengeneza mtambo, mimi na Ouma, kwa vyuma vya pampu nilivyokuwa navyo Masara.

Mpango wake ni rahisi. Paipu nene ya nje inatunza hewa. Ndani yake kuna paipu nyembamba, hiyo ndiyo inayorusha. Imeshikizwa mbele kwenye mdomo wa paipu ya nje, lakini mkia wake uko ndani, hewani, na umezibwa na kizibo cha mpira. Unajaza hewa kwa pampu ya matairi ya lori. Ukifungua valvu ya nyuma, kizibo kinaruka, hewa yote inakimbilia mkiani na kutoka na mzigo. Mzigo wetu ulikuwa kipande cha mti kilichofungwa uzi.

Kabla ya hewa tulijaza maji kwanza, tukasukuma presha tuone kama chuma kitahimili. Kikahimili. Msiruke hatua hiyo, tafadhali. Nimeona mtu akipoteza jicho kwa kudharau hewa.

Shida ikaja kwenye hewa yenyewe. Geji ya presha inapanda kidogo, inashuka. Tukafungua. Kumbe paipu ya ndani, kwa kuwa imeshikwa mbele peke yake, mkia ulikuwa umelala kidogo. Kizibo hakiketi sawa mkiani, hewa inapita pembeni.

Ouma akasema, "Omera, ndugu yangu, hii tunaikaza tu. Hakuna kucheza."

Akachonga pete ya mbao. Tundu la katikati likaimeza paipu ya ndani, ukingo wa nje ukabana paipu ya nje. Kazi safi, hata wembe haupiti. Tukajaza, geji ikasimama kama imepigwa msumari. Tukashikana mikono. Muda ulikuwa umetuishia, kwa hiyo kurusha hatukujaribu. Tuliona kama haivuji basi imekubali.

Ijumaa asubuhi tuko mtoni. Familia yetu ni Wasabato, na jua la Ijumaa likizama hakuna jembe linaloguswa. Mwili nao ulikuwa umekaa vya kutosha. Baba mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa msiba, alishasema: saa tisa ikifika bila kamba kuvuka, tunazika upande huu, kwenye shamba la shemeji yetu mmoja.

Watu walijaa kingo zote mbili. Mama mdogo alikuwa mbele kabisa kule.

Tukapampu, presha ikafika. Ouma akafungua valvu.

Mtambo ukatoa pumzi kama ng'ombe aliyechoka. Kipande cha mti kikaanguka majini hatua chache mbele yetu.

Tukarudia. Hivyo hivyo. Mzee mmoja akacheka. Baba mkubwa hakugomba, alisema tu polepole, "Nyithindo, watoto wangu, mumejaribu. Itia watu wa jembe wakuje."

Ouma alikaa chini kwenye matope. Sijawahi kumwona hivyo kabla wala baada.

Mimi nilikuwa nasikiliza mtambo. Baada ya ule mlio mdogo, ulikuwa bado unapuliza, ssss, kwa muda mrefu. Nikajiuliza, kama hewa imeshatoka, hii inatoka wapi? Hapo ndipo nikaelewa. Pete yetu ilikuwa ukuta. Tukipampu taratibu, hewa ilipenya kwenye mbao kidogo kidogo mpaka mbele, ndiyo maana geji ilisoma vizuri. Tukifungua, ni ile iliyo nyuma ya pete tu inayotoka kwa nguvu. Nyingine yote imefungiwa mbele.

Tukaacha hewa iishe, tukafungua mdomo, tukavuta paipu ya ndani na pete yake. Nikachukua panga nikaanza kukata pete.

"Unaharibu," Ouma akasema. "Italala tena."

"Nabakisha miguu tatu. Sufuria inakaa kwa mafiga tatu na moto inapita."

Akaninyang'anya panga akamalizia mwenyewe, maana yeye ana mkono mzuri kuliko mimi. Miguu mitatu, nafasi kubwa katikati yake.

Watu wa jembe walikuwa wameshaanza kupima kaburi shambani kwa shemeji tulipofungua valvu tena.

Safari hii mlio ulinigonga kifuani. Kile kipande hatukukiona kabisa, tuliona uzi tu ukikimbia kutoka kwenye beseni tulimokuwa tumeukunja. Kisha ng'ambo watu wakaanza kukimbilia kwenye nyasi.

Mama mdogo aliufikia kwanza. Wanaume walitaka kumpokea, akakataa. Alivuta ule uzi peke yake mpaka kamba ya katani ikafika, na nailoni ikiwa imelowa hukata mkono vibaya.

Jeneza lilivuka juu ya madramu. Ouma alipanda nalo, hakumwuliza mtu. Sisi tulibaki kushika kamba, na tuliyaona mazishi kwa mbali, wimbo bila kuusikia. Walimaliza jua likiwa bado juu ya miti.

Kwa hiyo jibu la yule jamaa: shika mkia wa paipu ya ndani kwa miguu mitatu, ikaze sana, lakini acha njia ya hewa. Na usiridhike na geji. Rusha kwanza ukiwa nyumbani.

Maji yalipopungua nilivuka kwenda kumpa pole mama mdogo. Viganja vyake vilikuwa bado na vitambaa. Nikamwuliza kwa nini hakuwaachia wanaume ule uzi. Akasema, "Mlikuwa mmemshika nyinyi siku zote hizo. Mimi sikuwa nimemshika hata kidogo."

Karibuni, wakuu. Mwenye njia bora ya kushika ile paipu aiweke hapa. Na Ouma, kama kuna mahali nimekosea, sema.