Kamera Niliyoinunua Mkongo

Nilianza kununua kamera za zamani, zile za kutia mkanda wa filamu, mwaka niliohamishiwa kufundisha Kibiti. Walimu wenzangu walinicheka kwamba mshahara wangu unaishia kwenye vyuma vibovu. Nilipenda tu uzito wake mkononi, na ule mlio mkavu kitufe kinapobonyezwa. Kila niliposikia mpiga picha mzee amefariki, nilikwenda kuhani, kisha baada ya miezi nikarudi kuulizia.

Ndivyo nilivyofika Mkongo. Marehemu alipiga picha za harusi na za vitambulisho katika vijiji vyote vya bondeni, mpaka simu zilipomnyang'anya kazi. Mjane wake alikuwa ametoka eda majuma mawili tu yaliyopita. Alinikaribisha ndani, akanitandikia mkeka, akatoa kamera kwenye mfuko wa unga. Ilikuwa ya Kirusi, chuma kitupu, nzito kama tofali, na kamba yake ya ngozi bado nzima.

"Ichukue, mwanangu," alisema. "Hapa inakula kutu bure."

Tulikubaliana bei bila kuvutana. Nilikuwa nimeshaivaa shingoni, naaga, mlango ulipofunguliwa kwa teke. Aliyeingia alikuwa mdogo wake marehemu.

"Nani kakupa ruhusa ya kuuza mali ya kaka yangu?"

"Kaniachia mimi, shemeji. Na wewe ulikuwepo akisema."

Alimzaba kofi, ushungi ukaruka. Kisha akamkaba shingo akamgongesha kichwa ukutani, mara moja, mara mbili, udongo ukapukutika mabegani mwa yule mama. Alipoanguka akampiga teke la mbavu. Nilipiga kelele, nikamvuta shati. Alinisukuma, nikaangukia mtungi ukavunjika, maji yakatapakaa.

"Na wewe mwizi ngoja, zamu yako yaja," akasema, akamrudia shemeji yake.

Sikumbuki nilivyoivua kamera shingoni. Nakumbuka kamba imezunguka kiganja changu na mkono wangu uko juu. Pigo la kwanza lilimpata juu ya sikio. Akamwachia mama wa watu, akageuka. La pili likampata jichoni, akapiga magoti, kisha akalala kwenye maji amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Basi, ndugu," alisema. "Basi."

Nikampiga la tatu. Hilo hakuna aliyenilazimisha. Na nikisema kweli, lilinipa raha kuliko yale mawili ya mwanzo.

Majirani waliingia wakanishika. Majeruhi wote wawili walipakiwa kwenye bajaji wakapelekwa hospitali Utete. Mama alikuwa amevunjika mbavu mbili. Mwanamume alipoteza jicho la kushoto.

Walipopata nafuu tuliitwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Yule bwana hakutaka kwenda polisi, maana naye angeshtakiwa. Mjane ndiye aliyetangulia kusema.

"Mwalimu kampiga mara moja tu, akiniokoa."

"Mara tatu," alisema shemeji yake, bandeji imemfunika nusu ya uso. "Ya mwisho niko chini, naomba."

Watu wakamzomea. Walimjua. Aliwahi kumvunja mkono mkewe mwenyewe. Mtendaji akanigeukia.

"Mwalimu, ilikuwaje?"

"Kama alivyosema mama."

Yule bwana akaandikishwa kwamba hatakanyaga tena nyumba ile, mambo yakaisha. Nje, mjane alinishika mkono akausugua taratibu, kama anayempasha mtoto joto. Niliuvuta mkono wangu nikashika njia.

Kamera niliisafisha kwa pamba na spiriti. Damu ilikuwa imeingia kwenye maungio, ilinichukua siku tatu kuitoa. Darasani nikawa nashika fimbo kama kawaida, hadi mwanafunzi mmoja wa darasa la nne alipojifunika uso kwa viganja viwili kabla sijamgusa. Fimbo ile niliivunja palepale mbele yao, wakadhani nimekasirika zaidi.

Karibu miaka miwili ilipita kabla sijakutana na yule bwana, sokoni Ikwiriri, akiuza mchele. Nilimwona nikataka kupitia upande mwingine, lakini alishaniita.

"Mwalimu, njoo. Sikuli."

Nikaenda. Jicho lake lilikuwa kovu tu. Hakupandisha sauti.

"Mapigo mangapi?" aliuliza.

Wanunuzi wawili walikuwa wamesimama pale wakichagua. Nilijua anachokiuliza.

"Matatu," nikasema. "Na la mwisho ulikuwa chini, unaomba. Nilisema uongo."

Alisawazisha mchele wake kwa kiganja.

"Na mimi yule mama nilimuumiza," alisema. "Hilo silikatai. Ila nilikuwa naonekana mwongo hata kwa wanangu."

Nikawageukia wale wanunuzi, nikawaeleza tena, kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Mmoja wao aliacha kuchagua mchele akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni, kisha akahama kidogo, akasimama mbali nami.