Abiria wa Nzogolo

Mugeni alikuwa ofisini Kacyiru simu ilipoita, na aliyepiga hakusalimu.

"Mama yako iko huku Gikondo!" Alikuwa Nasiri, fundi anayemtengenezea gari. "Iko katikati ya barabara, anapunga kitambaa. Tunamtoa, anarudi. Mukecuru huyu, mzee mzima, ameniuma mkono! Kuja haraka, dada."

Mugeni alirukia pikipiki ya kwanza aliyoiona. Njiani kote alimhimiza mwendeshaji aongeze mwendo, kwa sababu alikijua kitambaa hicho.

Wazazi wake waliikimbia nchi hii wakaenda Tanzania, na yeye akazaliwa jirani na stesheni ya Nzogolo. Stesheni jina tu! Kibanda, benchi, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo kuwa kengele. Zamani palikuwa na bwana stesheni mwenye kofia na filimbi. Wakubwa wa reli wakamwondoa, mlango ukafungwa kufuli, na tangu hapo treni haikusimama ila abiria akae kando ya njia na kupunga kitambaa cheupe. Dereva akipiga honi, maana yake nimekuona. Baada ya honi hiyo mtu wa Nzogolo habanduki.

Baba yake, Sangwa, hakuajiriwa na yeyote, lakini kengele ile akaifanya yake. Vibarua wa njia wakileta habari kwamba treni imeharibika, aligonga mara tatu, polepole, na watu wakabeba mizigo yao wakarudi nyumbani. Amezikwa nyuma ya kibanda; Mugeni na mama yake walirudi kwao bila yeye.

Juzi tu, wakipita Gikondo, mama yake, Mukasine, aliyatazama makontena kwenye maghala akasema, "Mabehewa yamefika." Mugeni alicheka. Alicheka! Sasa alitamani kujizaba kibao.

Alimkuta mama katikati ya mteremko, kikapu miguuni, kitambaa juu. Lori lilikuwa linashuka, limesheheni, huku likipiga honi mfululizo. Masikini dereva, alidhani anamfukuza. Mukasine alitabasamu na kujiweka sawa.

"Mama! Toka!"

Mukasine alimtazama kama mtu baki. Mugeni alipokimbia kumshika, mama akarudi nyuma, kulielekea lori. Akapiga hatua nyingine, mama naye akarudi tena. Nasiri alikuwa amekimbilia juu, akipunga mikono na kupiga kelele, lakini mzigo ule haukuwa wa kusimama ghafla.

Mugeni aligeuka. Mlangoni mwa gereji ya Nasiri, kando ya barabara, palining'inia rimu kuukuu la gari. Akanyakua spana, akaligonga kwa nguvu zake zote. Akajizuia asiharakishe. Akagonga tena. Na tena.

Kitambaa kikashuka.

"Leo haiji," Mukasine alisema kwa uchungu. Akaokota kikapu chake na kutoka barabarani. Lori likapita nyuma yake, breki zikilia, vumbi likawafunika wote.

Mugeni alikuwa analia waziwazi, spana bado mkononi. Mama yake akamsogelea, akalikagua lile rimu.

"Ni wewe uliyegonga?"

"Ni mimi, mama."

"Sangwa yuko wapi?"

Safari hii Mugeni hakubishana naye. "Ameondoka."

"Akakuachia stesheni peke yako?"

"Ndiyo."

"Pole, binti. Sikujua kama kuna mtu." Mukasine aliketi juu ya tairi bovu, akajisogeza kumpisha, kisha akampa kile kitambaa cheupe afute machozi. "Kaa basi. Nitakuwa nawe mpaka atakaporudi."