Ulimi wa Zambarau

"Huyo hamalizi Ramadhani moja hapa." Ndivyo walivyosema wakaa barazani wa mtaani kwetu Mkunazini niliporudi kutoka Ulaya na stashahada yangu ya usindikaji wa matunda, niliyoisomea kwa kuosha vyombo, bila kubebwa na mtu. Nami nikawajibu kwamba nilikokuwa jua la kiangazi halitaki kuzama na bado nilifunga, sasa wao hapa wanafunga nini? Tangu hapo hakuna aliyenikaribisha futari, na yaliyonifika baadaye hata leo yananifanya nijifunike shuka usoni, ingawa chumbani niko peke yangu.

Nikaona niwaonyeshe kazi. Nikaenda mashamba kuchuma zambarau za mwitu, nikaazima nyungo kwa majirani, nikakaa kuzichambua kwa madaraja niuze hotelini. Tatizo ni kwamba zambarau ya mwitu ikiwa nyeusi tii yaweza kuwa tamu, yaweza kukukaba koo, na kwa macho huijui. Nami nina saumu, basi nikaamua nionje kwa ncha ya ulimi na kutema, kama wapishi wanavyoonja chumvi (sikumeza hata tone). Nikaonja daraja la kwanza, nikaonja la pili, nikarudia la kwanza kuhakikisha.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo hiyo Bi Mwanaisha, mwenye ungo mkubwa, alikuwa amenigongea mlango. "Leo futari kwangu, mwanangu. Usile peke yako kama paka."

Kwa furaha nikawahi msikitini. Baada ya sala ya alasiri nikampa mkono Mzee Haji, mmoja wa wale wa barazani, nikatabasamu mdomo wote. "Shikamoo, mzee."

Akanitazama meno. "Marahaba. Kwenu huko jua lishazama?"

Nikaeleza kwamba nimeonja tu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ulimi ulivyozidi kuonekana, wa rangi ya zambarau mpaka kooni. Mtu nyuma yangu akasema, "Mwacheni, ana stashahada." Wakacheka chini kwa chini, na mimi nikavaa viatu visivyo vyangu nikaondoka.

Nyumbani nilisugua ulimi kwa mswaki mpaka ukauma, rangi haikutoka. Magharibi ikaadhiniwa, nikasikia sahani zinagongana upande wa pili wa ukuta, kwa Bi Mwanaisha, nikaona haya kwenda. Nikafuturu zambarau za daraja la kwanza, peke yangu.

Siku ya Idi nikarudisha kila ungo kwa mwenyewe, nyungo zote zimeingia rangi. Wa mwisho ulikuwa wa Bi Mwanaisha. Akaugeuzageuza.

"Nlijua hukula," akasema. "Mtu aliyekula mchana angefunga mdomo, asingewachekea watu msikitini. Uji wako nliuweka mpaka ukapoa. Nliwaambia wanangu wasianze, unakuja."

Nikaapa moyoni hapo hapo. Sionji tena kitu nikiwa na saumu, na nikiitwa, ntakwenda na ulimi wowote nilionao.

"Ushakula?" akaniuliza.

Nimezoea kujibu nshakula.

"Bado," nikasema.