Wangu

Fundi kufuli wa mtaani kwetu alikuwa na mikono ya upole na mdomo wa sumu. Mikono yake iliweza kufungua kufuli iliyoota kutu bila kuacha hata mkwaruzo, huku mdomo ukimuuliza mwenye kufuli, "Mtu mzima, ufunguo umekushinda, mke utamweza?" Watu walicheka, wakalipa, na siku nyingine wakarudi. Kutukanwa na mtu anayeijua kazi yake si sawa na kutukanwa na mpumbavu. Mimi nashona nguo mlango wa pili kutoka kwake, na ukuta kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo sauti yake niliisikia kuliko nilivyoisikia ya marehemu mume wangu.

Kazi yake ilikuwa kufuli, lakini moyo ulikuwa porini. Kila Jumamosi alifunga mapema, akatia kibali chake mfukoni, akabeba gobole lake, akapanda nyuma ya pikipiki ya rafiki yake mwashi, wakaenda kuwinda. Jumatatu pori lote lilihamia kwenye karakana: habari za upepo, za nyayo, za kinyesi cha pongo, yule swala wa vichakani, kilichokauka na kisichokauka. Alisema pori ndiyo shule pekee aliyomaliza, na kwamba huko alifundishwa kunyamaza. Nikamjibu kupitia mbao, "Basi hilo somo ulilidondosha njiani, jirani."

Sheria moja ya huko aliiheshimu kuliko sala zake. Ukishapiga risasi, palepale, kabla moshi haujatawanyika, unapaza sauti: "Wangu!" Ukishatamka hivyo mnyama ni wako, nyama yake na taabu yake. Akikimbia na jeraha, ni wewe utakayemfuata. Hakuna wa kukupokea, hakuna wa kukumalizia, hata jua likuzamie. Na usimkimbize. Hili alilirudia mpaka nikalishika mimi ambaye sijawahi kuua hata panya: majeruhi hakimbizwi. Ukimkimbiza, hofu inampa nguvu anakupotea. Mfuate taratibu, aone kwamba huna haraka, mwenyewe atatafuta pa kulala. Akishalala jeraha linapoa, viungo vinakakamaa, hainuki tena. Hapo ndipo unakwenda kumchukua.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na mama yake binti huyo alikufa mapema. Binti akapendwa na kinyozi wa pale kona. Kijana mwenyewe alikuwa mpole, mkono mwepesi, wa aina ile ambayo hata watoto wanaouona wembe kama mauti walikaa kitini kwake wakasinzia. Fundi alimtazama kama anavyotazama kufuli ya bei rahisi. "Simwozi mwanangu kwa mtu ninayemjua tu akiwa amesimama nyuma ya kiti," akasema. "Jumamosi twende porini."

Mwashi ndiye aliyenisimulia yaliyotokea huko. Kinyozi alipewa gobole, akampiga pongo jike tumboni, si mahali pa kuua. Akabaki kaduwaa. Fundi akamtandika kofi la kisogo.

"Sema!"

"Niseme nini, baba?"

"Sema wangu!"

Akasema. Basi akamfuata yule mnyama tangu asubuhi mpaka jua likageukia upande wa pili, bila maji, wale wawili wakimfuata nyuma wakiwa wamekunja mikono. Wakamkuta pongo kalala kwenye nyasi, bado yu hai, anawatazama. Kinyozi akaanza kushindilia baruti ili ammalize kwa risasi. Fundi akamnyang'anya gobole, akamkabidhi kisu. "Mgeuze uso akuone. Usiue kitu huku kinatazama pembeni." Kinyozi akafanya alivyoambiwa, na huku anafanya, alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema pori limemfunza mtu. Wiki ile kinyozi alileta suruali nimfupishie, akaniambia, "Mama, sitapiga tena kitu nisichokiona vizuri. Roho si kitu chepesi." Nilimtazama, nikaona kwamba aliyekwenda porini alikuwa kijana na aliyerudi ni mwanamume. Nilifurahi kwa ajili ya yule binti.

Lakini fundi hakujua kuacha kitu kikae. Siku ya harusi, wageni wamejaa, sahani ziko mapajani, akasimama kutoa nasaha, akasimulia kisa chote, na kilio akakiigiza. Watu walivunjika mbavu. Kuanzia siku ile bwana harusi akaitwa Machozi. Aliitwa hivyo sokoni, msibani, hata na wateja waliokuwa wamempa shingo zao anyoe. Mwanawe wa kwanza alipoanza kusema, babu yake alimpakata akamfundisha, na mtoto akamwambia baba yake, "Machozi, mama anakuita." Fundi alicheka siku nzima. Mimi niliusikia mlio wa kicheko kile kupitia mbao na nikakata kitambaa cha watu upande siyo.

Ajabu ni kwamba kinyozi aliendelea kwenda porini. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nikiacha atasema nililia halafu nikakimbia." Basi akajifunza. Alijifunza kukaa bila kukuna hata pua, kusoma upepo kwa vumbi, kumeza alichotaka kusema. Alijifunza kusema "Wangu!" sambamba na mlio wa risasi, ulimi na kidole vikienda pamoja. Jambo moja tu fundi alishindwa kumtoa: alikuwa akingoja. Hapigi mpaka amwone mnyama mzima. Fundi akafanya hilo nalo kuwa mzaha. "Machozi anasubiri mnyama ajitambulishe, ataje na jina la baba yake!" Alilisema porini, akalirudia karakanani, akalisema mezani mbele ya binti yake na wajukuu. Maji yakidondoka kidogo kidogo hutoboa jiwe, na mtu si jiwe.

Siku ya ajali ilikuwa kiangazi, nyasi zimefika kifuani. Fundi alimwachia mkwewe gobole, akamweka nyuma ya kichuguu, akamwambia atazunguka kilima kizima amfukuzie mnyama kutokea upande wa mto. Alipoondoka alitupa neno la mwisho: "Na leo usingoje akupe mkono." Halafu yeye mwenyewe, mwalimu wa subira, akachoka kuzunguka. Akakata njia ya mkato katikati ya nyasi, kainama. Kinyozi akaona nyasi zinatikisika chini chini, si upande aliotajiwa. Safari hii hakungoja.

Mlio ukatoka, na pamoja na mlio, kama alivyofundishwa, sauti yake: "Wangu!"

Kisha nyasi zikalia kwa sauti ya baba mkwe wake. Mwashi anasema kinyozi alikuwa bado kaacha mdomo wazi, neno lenyewe halijamaliza kutoka. Risasi ilikuwa imeingia kiunoni. Fundi hakufa, ila miguu ilikufa pale pale.

Polisi waliuliza, mwashi akaeleza, ikaandikwa ajali. Mimi nina ulimi, mtaa mzima unajua, na ningekuwa na ubaya wa kumsemea kinyozi hapo ningeusema. Ilikuwa ajali. Yaliyofuata ndiyo hayakuwa ajali.

Hospitalini muuguzi alitoka mlangoni akauliza, "Huyu mgonjwa ni wa nani?" Binti alifungua kinywa. Mumewe akamtangulia.

"Wangu."

Akampeleka nyumbani kwake, chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa jirani. Fundi aliomba arudishwe kwake. Alikuwa na chumba nyuma ya karakana, kitanda alichokizoea, kufuli zake zimetundikwa, na mlango ambao karibu nao angelala akisikia watu wakipita na kuwatukana. Hakutaka zaidi ya hapo duniani. Kila alipoomba, kinyozi alijibu kwa adabu, "Haraka ya nini, baba?"

Mtaa ulimsifu kinyozi mpaka sifa zikamwagika. Mkwe gani huyu! Anamwosha mzee, anamgeuza, anamlisha, na kila asubuhi anamnyoa ndevu kabla hajaenda kibandani kwake. Nilipeleka mashuka niliyoyatia viraka, nikakaa, nikaona kwa macho yangu. Mkewe aliinua kikombe ampe baba yake maji. Kinyozi akakichukua mkononi mwake kwa upole, akakirudisha mezani. "Kaa, mama watoto. Hakuna wa kunipokea." Nikasimama mimi. "Na wewe pia, mama, usijichoshe." Mzee akaomba maji. Kinyozi akaja mpaka mlangoni, akasimama. Mzee akaita kwa ukali. Kinyozi kimya. Mzee akaita kwa sauti ya kawaida. Kimya. Mzee akasema, "Tafadhali, mwanangu." Ndipo akamnywesha, na alimnywesha vizuri, hata tone halikumwagika kwenye shuka langu.

Siku nyingine nilimkuta anamnyoa. Mzee alikuwa amelala chali, povu limejaa kidevuni, na machozi yanamtoka bila sauti, yanaingia masikioni. Kinyozi akayapangusa kwa taulo, akainama karibu, akamwambia taratibu kama anamsalimu: "Machozi." Haukupita muda watoto nao wakashika. Mjukuu alipita mlangoni akakimbia akisema, "Babu Machozi! Babu Machozi!" Hakuna aliyemkataza.

Nilimvuta kinyozi uani. "Mwanangu, unamfanya nini huyu mzee?"

"Namlisha. Namwosha. Jeraha lake halina hata harufu. Nimekosa wapi, mama?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: hilo nililijua tangu utoto. Lakini mkuki huu fundi aliuchonga mwenyewe, akaunoa mwenyewe, akamshikisha mwingine na kumfundisha kulenga. Nikachukua kikapu changu nikarudi kwenye cherehani.

Habari zikamfikia dada yake fundi, mkubwa wake, mwanamke mwenye mikono minene na asiyeogopa mtu. Alikuja na gari la kukodi, akapitia karakanani akafagia chumba na kutandika kitanda, akanichukua mimi na mwashi tukamsaidie kubeba. Tukaingia wote chumba cha nyuma. Kinyozi alikuwa katikati ya kunyoa, nusu ya kidevu bado ina povu. Dada mtu akasema, "Kaka, nimekuja. Chumba chako kiko tayari. Twende kwako."

Nikauona uso wa fundi. Ulifunguka. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili kama anayetaka kuinuka mwenyewe.

Kinyozi hakuziba mlango. Alisogea pembeni, wembe mkononi, taulo begani. "Shangazi, mimi simzuii mtu. Ila tumuulize mwenyewe, yeye ndiye mwalimu." Akamgeukia. "Baba, mtu akishasema wangu, kuna wa kumpokea?"

"Niondoleeni upuuzi wa wanyama hapa!" Dada mtu alifoka. "Kaka, sema twende. Neno moja tu."

"Baba, sema," binti akasema. Alikuwa analia. "Sema tu, baba."

Fundi akamtazama mwashi. Nadhani hapo ndipo alipokwama. Yule alikuwa shahidi wa Jumamosi zote, na wa yule pongo. Angesema "twende", basi siku ile ilikuwa ukatili tu wa mzee kwa kijana, na harusini aliwachekesha watu kwa ukatili wake, na ile shule yote ya pori haikuwa kitu. Nilimwombea aseme. Nilimwombea kwa Mungu, kwamba yeye aliyewavunjia watu heshima bila sababu, mara hii aivunje sheria yake. Ulimi uliotukana mtaa mzima ukashindwa kumtetea mwenyewe.

"Hakuna," akasema. Kisha, kwa dada yake, bila kumtazama: "Mimi ni wake."

Dada mtu alipiga kelele, akamwita kinyozi shetani, akamwita kaka yake mjinga, akatoka akilia na gari likaondoka tupu. Mwashi akamfuata. Binti akakaa chini, mgongo ukutani. Mimi nilibaki mlangoni.

Kinyozi akapaka povu upya, kwa kuwa la kwanza lilikwisha kukauka. Akamwinua mzee kidevu kwa vidole viwili, akaweka wembe kooni. Fundi hakufumba macho. Aligeuza uso kidogo ili watazamane vizuri, akasema polepole, "Basi nimalize. Nakuomba, mwanangu. Mimi nilikupa kisu."

Wembe ukapanda kutoka kooni hadi kidevuni, laini, ukafutwa kwenye taulo, ukapanda tena. Alinyoa mpaka ngozi ikawa safi, pasipo hata mkwaruzo. Akampangusa, akamvutia shuka mpaka kifuani, akaukunja wembe.

"Majeruhi hakimbizwi, baba," akasema, akaenda kufungua kibanda chake, maana wateja walikuwa wameshaanza kungoja.