Jelagat na Jicho Alilopewa Mwenzake

Kabla ya lori la Nakuru kufika, Jelagat anaosha mayai kwa kupapasa. Anatia mkono kwenye karai la maji ya vuguvugu, anasugua uchafu kwa kidole gumba, anapanga kwenye trei. Havunji hata moja. Lakini masikio yake yako upande wa pili wa banda hili la Njoro, kwenye kona ya taa.

Hapo ameketi Anyango. Mbele yake kuna debe lenye taa ndani na tundu ubavuni. Kila yai analisogeza kwenye tundu, mwanga unapenya ganda, naye anaona kama lina damu. Kiti hicho kilikuwa cha Jelagat.

"Leo umekalia vizuri?" Jelagat anauliza.

"Vizuri sana, Mama Micah. Kimepata joto."

"Joto hilo niliacha mimi."

Wanawake wa banda wanacheka. Kila asubuhi ni hivyo.

Jicho la kushoto la Jelagat liliharibiwa na surua utotoni. La kulia ndilo lililolisha watoto wake, mpaka mwaka juzi, 1955, malengelenge yaliyozoea kumtoka mdomoni wakati wa homa yalipoingia jichoni. Kidonda kikapona, kikarudi, kikaacha kovu jeupe. Mayai ya damu yakaanza kumpita, naye akahamishiwa kwenye karai, kwa mshahara mdogo zaidi.

Anyango alishikwa na ugonjwa huohuo. Wakaenda pamoja kwa daktari wa macho anayepita Nakuru. Akawaeleza kwamba angekata kovu na kushona mahali pake kioo kisafi cha jicho la mtu aliyefariki. Sharti lilikuwa moja: jicho liwe limetulia kwa miezi. Likiwa na kidonda, hata kioo kipya kitaliwa.

La Anyango lilikuwa limetulia. Akashonwa, akaona, akapewa kiti cha taa.

"Wanasema lilikuwa la bibi wa kizungu," Jelagat anasema. "Ndiyo maana siku hizi anaona vumbi kwenye nyumba za wenzake."

"Vumbi lilikuwako," Anyango anajibu. "Nilikuwa silioni tu."

Zamu ya Jelagat ilifika mwezi wa tatu mwaka huu. Wiki hiyohiyo jicho likaanza kuwasha na kuwa jekundu. Katika banda hili, yai chafu likioshwa vizuri hupita daraja la kwanza. Basi Jelagat akaliosha jicho kwa chai baridi mpaka wekundu ukafifia, akapanda lori, akamwambia daktari haliumi.

"Ungefanya nini?" anauliza banda zima, bila kuona haya. "Mwenzako anaona, wewe unapapasa."

Daktari akamdondoshea dawa ya manjano, akazima taa, akammulika kwa mwanga wa buluu. Kidonda kikawaka kijani, kimetawanyika kama kijiti chenye matawi.

"Akanipima kama yai," Jelagat anasema. "Akanitoa kwenye trei."

Kioo chake akapewa kijana mmoja wa Gilgil. Huyo naye Jelagat anamwonea wivu, ingawa hajawahi kumwona.

Sasa ameambiwa arudi baada ya mavuno ya ngano, jicho likiwa limetulia kweli. Lakini wekundu wake mwenyewe hauoni. Mwenye macho ya kuuona upesi banda zima ni Anyango, naye ndiye angepoteza kiti Jelagat akipona.

Jelagat anamwita mlangoni penye jua. Anyango anamfunua kope.

"Jeupe, Mama Micah. Leo wiki ya saba."

"Wangeci, hebu njoo uangalie na wewe."

Wangeci, anayepanga trei, anaangalia. "Jeupe, mama. Hakudanganyi."

"Nilijua," asema Jelagat, ambaye hakujua.

Anyango anasema kiti atakirudisha siku Jelagat atakapofunguliwa bandeji. Jelagat anamsikiliza akirudi kwenye taa, kisha anainamisha kichwa juu ya karai.

"Bandeji ikitolewa, nitaanza na uso wake," anasema. "Wote wanasema amependeza tangu ashonwe. Nataka nijionee."